Wema wa Ugenini na Deni Lake

Suala tutakalo kulizungumza leo ni fupi kwa maneno, ila ni zito likifikiriwa. Mtu akitendewa wema ugenini na watu wasio jamaa zake wala wa mji wake, watu wasiotaraji chochote kutoka kwake, naye akawa hana njia ya kuwalipa, je, huwa na deni juu yake? Na kama deni liko, mwenye kulidai ni nani, na mahali pa kulilipa ni wapi?

Twauliza haya kwa sababu ni chache nyumba katika miji yetu zisizokuwa na mtu aliye ng'ambo. Huyu mwanawe yuko Jeddah, yule nduguye yuko Dubai, mwingine ana dada yake London, na wengine wamekwenda kutafuta elimu Madina, Cairo na Khartoum. Wote hao wakirudi husimulia mambo mawili: dhiki iliyowapata, na mtu wasiyemjua aliyewatoa katika dhiki ile. Na khabari za mtu huyo huzisimulia kwa kustaajabu, kama asimuliaye kioja. Kustaajabu huko ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Kitu hustaajabiwa kwa kuwa hakikuzoeleka. Basi je, wema wa namna ile haukuzoeleka kwetu?

Natuutazame wema wetu ulivyo. Katika miji ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, wema una njia zake zijulikanazo. Sahani ya futari ikitoka nyumba hii kwenda nyumba ile hairudi tupu. Arusi ikiwa kwa fulani, wanawake huja na tunzo zao, na yuko mmoja aliyekaa na daftari na kalamu, aandika: fulani binti fulani, kiasi kadha. Siku itakapokuwa zamu ya mwenzake daftari hufunguliwa, na aliyetoa shilingi elfu hurudishiwa elfu yake na ziada. Asiyerudisha husemwa, na khabari zake hufika mtaa wa tatu. Msiba nao una mchango wake, na mchango una orodha yake. Wazee walisema, "Mla cha mwenziwe na chake huliwa," na hawakukosea.

Mimi simo katika wale wanaolilaumu jambo hili lote tangu mwanzo hata mwisho. (Israfu ya arusi ni jambo jingine, na ina siku yake.) Daftari lile limewasitiri wengi. Mjane asiyekuwa na mtu ameweza kumwoza binti yake bila ya kukopa, kwa kuwa miaka ishirini alikuwa akitoa kidogo kidogo na jina lake limo. Huo ni ushirika mwema, na mji usiokuwa nao ni mji wa watu waliotawanyika. Lakini kila kitu na kiitwe kwa jina lake. Huko ni kulipana. Ni muamala baina ya watu wanaojuana, walio takriban sawa, wanaotaraji kuonana tena kesho. Mgeni hana ukurasa katika daftari hilo.

Wala tusidhani kuwa hali hii imezuka juzi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu kwa chombo. Aliwaona vijana wa mji wakija na mashua zao, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimpa mfanyabiashara mmoja katika wale abiria na kusema kwamba huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara hushukia nyumbani kwa mwenyeji huyo, akala na kulala kwa raha. Lakini bidhaa zake huuziwa na mwenyeji, na akitaka kununua hununuliwa na mwenyeji. Ukarimu upo, na faida ipo ndani yake. Ibn Battuta mwenyewe, ilipojulikana kuwa si mtu wa biashara bali ni mtu wa elimu, alichukuliwa na Kadhi mpaka kwa Sultani, akawekwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli, kuku, nyama, samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Hakuwa na bidhaa ya kuuziwa. Siku chache baadaye akashika njia ya Mombasa, alikolala usiku mmoja, kisha akaenda Kilwa. Basi mwambao huu uliijua milango yote miwili tangu zamani, mlango wa mwenye mali na mlango wa asiye na kitu. Khofu yangu ni kwamba ule wa kwanza tumeushughulikia sana, na ule wa pili bawaba zake zimeanza kushika kutu.

Mimi nilijaaliwa kukaa Omdurman miaka mitatu, mwanzoni mwa karne hii, nikisoma kwa masheikh wa huko. Omdurman ni mji ulio ukingo wa magharibi wa mto Nile, ukielekeana na Khartoum, nao una jua kali ambalo mtu wa pwani, pamoja na kudhani kuwa alijua jua, hana budi kulikubali kuwa ni jingine. Kitu cha kwanza nilichokiona katika mitaa yake ni mitungi. Nje ya nyumba, chini ya mti au chini ya kibanda kidogo, huwekwa mitungi mikubwa ya udongo waiitayo ziri, juu ya vyuma vya kuishikilia, na kikombe cha bati kimefungwa kwa kamba. Mpita njia hunywa, akaendelea na safari yake. Hakuna wa kumshukuru, maana mwenye nyumba yuko ndani, pengine amelala. Nami nilikuwa nikijiuliza ni nani ajazaye maji yale, mpaka siku moja baada ya sala ya alfajiri nikamwona mtoto wa miaka kumi hivi, na ndoo yake, ajaza mtungi kabla ya kwenda chuoni. Ilikuwa ni kazi yake kila siku, kama ilivyo kazi ya mtoto wetu kufagia ua.

Ramadhani wanaume wa mtaa hutandika mikeka barabarani, kila nyumba ikatoa sinia yake: asida, ambayo ni ugali laini wa mtama, na mchuzi wa bamia kavu, na kinywaji chekundu cha mtama wakiitacho hilu-mur. Hawafuturu ndani, kwa sababu aliye ndani hamwoni apitaye. Na katika nchi ya Jazira, baina ya Khartoum na mji wa Madani, jua likikaribia kuchwa watu wa vijijini hutoka na vilemba vyao wakasimama kati ya njia kuu, wakayazuia mabasi na malori mpaka abiria washuke wafuturu. Nilikuwamo katika basi moja lililozuiwa hivyo. Dereva aliomba aachwe apite kwa kuwa amechelewa, wakamwambia kwamba atachelewa zaidi akiendelea kubishana.

Nitataja na jambo la tatu, kisha nitaendelea na hoja. Wakati wa mvua niliugua malaria, nikawa sijitambui. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa amesafiri, na fedha zangu za matumizi hazikuwa zimefika. Majirani walinitoa chumbani mwangu wakanilaza kwao, juu ya kitanda cha kamba, katika ua wa wanaume, na vijana wa nyumba ile wakawa wanakesha nami kwa zamu. Dawa zilinunuliwa na mwenye duka la mtaani. Nilipopona na fedha zilipokuja, nilikwenda dukani kulipa. Yule bwana alikuwa na daftari la madeni kama walilonalo wenye maduka wetu, kubwa, lenye majina ya mtaa mzima, na nilimwona kwa macho yangu akimdai mtu bei ya sukari nusu kilo bila ya haya yoyote. Alilifungua, akanionyesha kuwa jina langu halimo, akalifunga. Kisha akaniuliza khabari za mama yangu.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Bwana yule hakuwa mtu wa kutojali fedha. Wala watu wa mji ule si malaika. Nao katika arusi na misiba yao wana orodha wanayoiita kashfi, aliyetoa huandikwa, na asiyerudisha husemwa kama asemwavyo kwetu. Tofauti ni kwamba walijua ni kipi cha kuandikwa na ni kipi kisichoandikwa, wala hawakukichanganya hiki na kile.

Na haki isemwe hata kama haipendezi. Wengi katika walionilisha walikuwa ni watu wa tarika, ambao desturi zao za maziara na za ngoma hatukubaliani nazo, na katika kurasa kama hizi tumezikataa na tutazidi kuzikataa. Mara nyingi nilikula katika sinia moja na mtu ambaye lau tungeanza kujadiliana tusingemaliza mpaka alfajiri. Na katika mtaa wa Masalma, waliokokuwa wakikaa Wakibti, Wakristo wenye asili ya Misri, fundi mmoja wa cherehani alimshonea mwenzangu kanzu ya Idi akakataa ujira. Wema haukuuliza madhehebu, basi nasi tusiupunguze katika kuusimulia kwa sababu ya madhehebu.

Sasa turudi kwenye suala. Niliwauliza watu mbalimbali juu ya deni hili, nikaona wana maoni mawili yanayopingana, na yote mawili siyakubali.

Wa kwanza husema: wema ni mkopo, na muungwana hulipa, asiyeweza kulipa asipokee. Kauli hii ina sura ya heshima, na nawajua wazee wa mji huu waliokufa na njaa zao ndani ya nyumba zilizofungwa kwa ajili yake. Lakini mwenye kauli hii, akitazamwa vyema, hapendi kuwa chini ya mtu yeyote hata saa moja. Hukataa kupokea kwa sababu hataki kujulikana kuwa ni mhitaji, hali ya kuwa kila mwanadamu ni mhitaji tangu siku ya kuzaliwa mpaka siku ya kuoshwa na kubebwa na wengine. Na zaidi ya hayo, humnyima mwenziwe thawabu na furaha ya kutoa. Mtu akikuletea maji ukamlipa bei yake hapo hapo, umemgeuza muuza maji.

Wa pili husema: ni riziki iliyotoka kwa Mwenyezi Mungu, nimshukuru Yeye, basi yamekwisha. Kauli hii nayo ina sura ya dini. Lakini dini yetu imefunza kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu; na mwenye kuruka juu ya kichwa cha aliyemtendea wema, akajidai kuwa anamwelekea Mola moja kwa moja, amejipumzisha tu. Riziki ilitoka kwa Mungu, ndiyo, lakini ilipita katika mkono wa mtu, na mtu yule alikuwa na watoto.

Nionavyo mimi, deni lipo, ila si la kurudisha kitu kwa kiasi chake. Mwenye duka yule hakunidai bei ya vidonge, na lau ningempelekea mara kumi yake nisingekuwa nimelipa kitu. Alinitendea kwa kuwa nilikuwa mgonjwa mahali nisipokuwa na mtu. Basi mwenye haki juu yangu ni kila atakayekuwa katika hali ile nami niko karibu naye.

Hapo wengi husema "Ahsante, tumeelewa," wakatua mzigo. Nami naona hapo ndipo penye hatari. Mtu husema, "Nitamfanyia mwingine," na huyo mwingine hana jina, hana siku, hana nyumba. Miaka hupita. Ahadi kwa mtu asiyejulikana ni ahadi nyepesi kuliko zote, kwa kuwa hapana atakayekuja kuikumbusha. Wako wenzetu waliokula chumvi ya watu nchi za mbali miaka kumi, na leo mlango wao Mombasa haujui hodi ya mgeni isipokuwa ya mdai wa umeme.

Natutazame aliyotenda Mtume wetu (s.a.w.). Waislamu wa kwanza walipozidiwa na mateso ya Makka, baadhi yao walivuka bahari mwaka 615 wakaenda Uhabeshi, wakapokewa na mfalme wa huko, Najashi, ambaye hakuwa wa kabila lao wala wa dini yao. Makureshi walimpelekea wajumbe wawili na zawadi ili awarudishe wale wageni. Naye aliwasikiliza wageni, akakataa kuwatoa, na zile zawadi akaamuru zirudishwe kwa wenyewe. Alitambua kuwa akizipokea amekwisha kuandikwa daftarini. Waislamu wale hawakuwa na kitu cha kumlipa. Miaka ilipita, na siku alipokufa Najashi mbali huko kwao, Mtume aliwapa masahaba khabari ya kifo chake, akawapanga safu, akamsalia. Mwarabu wa Madina amsalia mfalme wa Kihabeshi ambaye hakupata kumwona. Deni halikusahauliwa, wala halikutiwa katika hesabu ya "mwingine".

Na juu ya kupokea pia tunayo mafunzo. Muhajirina walipofika Madina mwaka 622, Saad bin Rabii alimwambia Abdurrahman bin Auf kuwa amgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali yake na jamaa zake, kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi. Watu hukipenda kisa hiki kwa sababu ya soko. Mimi nakipenda kwa sababu ya ile dua iliyotangulia. Hakumwambia Saad kuwa hamhitaji. Alikaa katika nyumba yake, akala chakula chake, akamshukuru, na kisha akatafuta kazi, ili nafasi ile aipate mwenye dhiki zaidi yake.

Sasa, kwa sisi tuliosoma Sudan, na kwa jamaa wa vijana waliosoma huko, lile neno "mwingine" limepata jina. Tarehe 15 Aprili 2023, nayo ilikuwa 24 Ramadhani 1444, vita viliripuka Khartoum baina ya jeshi na wanamgambo wa RSF. Vijana wetu waliokuwako walirudishwa Kenya katika mwezi ule ule. Mmoja wao alinisimulia kwamba siku ya kuondoka, risasi zalia, jirani aliwapa mkate na maji ya njiani, na maji mtaani yalikuwa yamekwisha katika mifereji. Omdurman imepigwa, soko lake kuu limeungua. Ilipofika mwisho wa mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 10 walikuwa wamehama makwao, na zaidi ya milioni 3 wamevuka mipaka kuingia Misri, Chad, Sudan Kusini, Uhabeshi na Uganda. Wengine wamefika hapa Kenya. Mwezi wa Agosti 2024 njaa ilitangazwa rasmi katika kambi ya Zamzam, karibu na al-Fashir. Na pamoja na hayo, katika mitaa iliyozingirwa, watu wenyewe kwa wenyewe walifungua majiko ya kupikia kila apitaye, wayaitayo takaya, masufuria makubwa juu ya kuni, kwa chochote kilichopatikana.

Wako watakaosema: sisi nasi tuna shida zetu, na nchi yetu imekwisha kupokea wengi. Ni kweli. Watu wazima wa Mombasa wanakumbuka mwaka 1991, serikali ya Mogadishu ilipoanguka, ndugu zetu wa Barawa walipokuja kwa majahazi, lugha yao ya Chimwini ikisikilizana na yetu. Wako waliowafungulia nyumba zao na kuwaoza binti zao. Wako pia waliopandisha kodi za vyumba mwezi ule ule. Miji hukumbukwa kwa yote mawili, na watu wa Barawa, kwa adabu yao, huwataja wale wa kwanza tu.

Ila nina neno juu ya namna ya kutoa, kwa kuwa hapa hukosewa hata na wenye nia safi. Mtu aliyezoea kuweka mtungi nje ya mlango wake akigeuzwa mwenye kunyoosha mkono, amepoteza nyumba mara mbili. Mpelekee mchele, vyema. Umsaidie kodi, vyema zaidi. Umtafutie mtoto wake skuli, ni bora kuliko yote. Lakini usitoke kwake hujala wala hujanywa chochote. Na picha usipige.

Mwaka 2024 nilikuwa Nairobi, rafiki akanipeleka Eastleigh kwa familia moja iliyotoka Omdurman, mtaa usiokuwa mbali na nilikokaa. Chumba kimoja na sebule ndogo, ghorofa ya nne. Watu wa msikiti walikuwa wamekwisha kuleta mchele na mafuta, navyo vimepangwa pembeni kwa adabu, kama amana ya mtu. Mzee wa nyumba alitushukuru kwa tulichokileta, lakini uso wake haukukunjuka mpaka rafiki yangu aliposema kuwa hatujanywa kahawa tangu asubuhi. Hapo mzee aliinuka. Kahawa ilikaangwa pale pale, ikatwangwa na tangawizi, ikamiminwa kutoka katika jabana ya udongo ambayo, katika vitu vyote vya kuchukua siku ile, mkewe aliifunga ndani ya nguo akaichukua. Tulikunywa vikombe vitatu kila mmoja. Alituuliza khabari za wazee wetu mmoja mmoja, akakataa tuondoke kabla ya Magharibi, na alipojua kuwa kijana dereva aliyetuleta alikuwa bado akingoja chini ndani ya gari, alimtuma mjukuu wake akamwite, apande ghorofa zote nne, apewe kikombe chake.